Mashine yasema mimi si Tima

Somo, assalaam alaykum.

Nakuandikia usiku, watu wa nyumbani wamelala. Mchana nikianza kulisema jambo hili nalia, na watoto wameshachoka kuniona nalia kwa ajili ya simu.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Kuze, hapa Mombasa, nauza leso. Nilianza na doti kumi nilizokopeshwa na shangazi yangu, nikizipitisha nyumba kwa nyumba. Miaka sita iliyopita Abdul, mtoto wa kaka yangu, akanifungulia akaunti, akaiandika "Bi Tima wa Leso", na tangu siku hiyo nala kwa akaunti hiyo. Asubuhi naenda Biashara Street kutazama mzigo mpya, naitandaza leso vizuri jina lake, ule msemo ulioandikwa, lisomeke, napiga picha, naiweka. Ikifika jioni nina wateja wa Nairobi, wa Nakuru, wa Lamu, mpaka wa Maskati. Binti yangu aliye Doha hunisaidia kuwajibu usiku nikiwa nimechoka. Nakunja, nafunga, nampa kijana wa bodaboda apeleke kwenye mabasi Mwembe Tayari. Risiti za parseli siwezi kuzitupa, zimejaa kopo zima la biskuti. Mume wangu hunicheka, ati naweka akiba ya karatasi.

Mwezi 27 Ramadhani, wakati ambao muuza nguo hapa mjini hata kufuturu hufuturu wima, nimeweka picha za mzigo wa Idi kwenye makundi kama 40 hivi. Narudi tarawehe nafungua simu: akaunti yako imesimamishwa, thibitisha wewe ni nani. Nilikuwa na oda za doti 38. Mazungumzo yote yamo mle ndani, na wengine walishanilipa, Somo. Wako wanaonidhania mwizi.

Nikafanya walivyotaka. Nikakipiga picha kitambulisho, nikatuma. Haikupita hata dakika tano nikajibiwa jina halilingani. Ni kweli, kitambulisho kinasema Fatuma, kisha jina la baba na la babu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma. Lakini tangu nizaliwe hakuna aliyeniita Fatuma ila makarani na madaktari, mtaa mzima ni Tima. Halafu nikagundua balaa la pili: Abdul kwa haraka zake aliweka tarehe yake yeye ya kuzaliwa, ya 2001. Kwa hiyo huko mtandaoni mimi ni msichana mbichi, na kitambulisho ni cha mama mtu mzima. Nimetuma mara 11. Nimefungua akaunti mpya mbili; ya kwanza iliishi siku mbili, ya pili haikufika magharibi.

Sasa wataka video ya uso, nigeuke kulia na kushoto. Mimi navaa ninja, nafunika uso. Mume wangu asema haiwezekani, hatujui ni nani atakayeitazama huko iendako. Abdul naye kanitafutia fundi wa Telegram anayesema ana mtu wake ndani ya kampuni. Nimemtumia 3,500 na picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Leo kasema bado 5,000, na ataka nimtumie namba sita zitakazoingia kwenye simu yangu. Nimemwambia asubiri kesho.

Pesa zinauma, lakini kinachonikata zaidi ni kuwa hakuna mlango wa kugonga. Ofisi za hapa zatuzungusha, twajua, lakini unapanga foleni, ukifika dirishani kuna mtu. Hata akikufokea ni mtu. Huku naandika kilio changu chote, najibiwa barua ile ile, nukta kwa nukta.

Nimpe huyo fundi zile namba? Nivue ninja mbele ya mashine? Au nirudi kuzunguka nyumba kwa nyumba na goti hili?

Nimekuambatanishia picha ya kitambulisho uone mwenyewe kuwa mimi ni mimi.

Tima, Kuze


Tima mdogo wangu, waalaykum salaam.

Usimpe. Nimekujibu kwa simu siku ile ile kwa neno hilo moja, na hapa nalirudia kwa ajili ya wengine walio mikononi mwa mafundi kama huyo. Namba sita zile ndizo ufunguo wenyewe. Mwenye nazo anaingia kwenye akaunti au WhatsApp yako, anabadilisha pasiwadi, nawe wabaki kibarazani. Kabla ya isha jamaa zako wote wameshapata ujumbe wa Tima akiomba kukopeshwa 2,000 atazirudisha kesho. Na huo "mtu wa ndani" ni hadithi. Angekuwa na mtu ndani, namba zako angezitakia nini?

Zile 3,500 zihesabu zimekwenda. Ungeshtuka papo hapo ungeipeleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe, ukajaribu bahati, lakini mwizi wa aina hii haachi pesa zilale. Mimi kilichonitia wasiwasi zaidi ni kitambulisho, maana hicho hakitumiki kikaisha. Piga *106# ufuate maelekezo, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni hiyo ya simu, kitambulisho mkononi, waifunge. Kisha pita kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia utambulisho wake ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Sikuahidi kwamba atakamatwa. Nakuambia namba ya OB itakufaa siku utakapodaiwa mkopo usioujua.

Na mimi je? Umenitumia kitambulisho kizima, namba na saini, na hujapata kuniona hata sokoni! Nimekifuta. Ila kabla ya kukifuta nilikitazama, na hapo nikaelewa nusu ya tabu yako.

Umekilaza juu ya leso. Leso yenyewe nzuri, nyekundu na nyeusi, korosho zimejaa mji wake mzima, pale katikati. Umepiga usiku, taa ya dari imemeta juu ya plastiki pale pale penye jina, na dole gumba lako limefunika pembe ya chini. Mimi kwa macho yangu ilinibidi niigeuze simu mara mbili ndipo nikasoma Fatuma. Mashine ni mbumbumbu kuliko mimi: kwanza yatafuta pembe nne za kadi, ikizikosa katikati ya korosho, imeshindwa kabla ya kufika kwenye jina. Kitoe kwenye kile kifuko chake, kiweke juu ya meza tupu au shuka la rangi moja, asubuhi, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Pembe zote nne zionekane. Vidole mbali.

Sasa jina. Wewe muuza leso umeshazikunja mara elfu zile zilizoandikwa pembeni "K.H.E. Mali ya Abdulla". Wajua Abdulla ni nani? Ni Kaderdina Hajee Essak, ndizo hizo K.H.E., mfanyabiashara wa Biashara Street ambaye duka lake lilianza 1887, naye ndiye atajwaye kuwa alianza kuzitia leso majina ya Kiswahili mwanzoni mwa karne iliyopita. Mji ulimwita Abdulla. Karatasi zilimwita Kaderdina. Hakuchagua moja akatupa jingine, aliyapiga chapa yote mawili kwenye kitambaa kimoja, na mpaka leo mteja anayetaka ya asili hutafuta alama hiyo kabla ya kutazama rangi.

Abdul wako alikosea hapo. Aliandika jina la duka mahali pa jina la mtu. Hukuutaja mtandao wenyewe nami sitabahatisha, lakini chukua mfano wa Facebook, kwa kuwa kanuni yao imeandikwa wazi: akaunti ya mtu itumie jina ambalo watu humwita kila siku. Kwa hiyo "Tima" halina kosa. "Bi" ni cheo, hawakitaki, na "wa Leso" ni biashara, ambayo ina ukurasa wake mbali. Ukirudishiwa, akaunti iwe na jina kama la kitambulisho, Tima uliongeze kama jina la utani, na chini yake ufungue ukurasa wa biashara uitwe Bi Tima wa Leso. Ukurasa huo mpe binti yako wa Doha usimamizi kwa akaunti yake mwenyewe. Msichangie pasiwadi moja. Mtu mmoja kuonekana Kuze saa tatu usiku na Doha saa tatu na dakika kumi, mashine haijui kwamba ni mama na mwana, yasema huyu kaibiwa. Tia juu yake picha ile ile kwenye makundi 40 kwa jioni moja, ambayo kwao ndiyo sura ya tapeli. Sikulaumu, sote Ramadhani huuza hivyo. Lakini sasa wajua kilichoigutusha.

Fatma na Fatuma usikimbilie kulisahihisha Huduma Centre kwa ajili ya hili. Mtandao haujui kuwa una cheti cha kuzaliwa. Tuma kitambulisho peke yake, usikichanganye na karatasi inayobishana nacho. Tarehe ya kuzaliwa, kama bado wakuruhusu kuirekebisha, irekebishe. Kama wameshaifunga, iseme kwenye maelezo kwa sentensi mbili: akaunti ilifunguliwa na jamaa yangu, akaweka tarehe yake kwa makosa, tarehe yangu ni hii ya kwenye kitambulisho. Wala usiandike kilio. Najua kinakujaa kifuani, lakini anayesoma, kama yupo, ana mafaili chungu nzima.

Acha kutuma mara 11, na akaunti mpya usifungue tena. Mtu aliyefungiwa akifungua nyingine huhesabiwa anapenya dirishani, na hiyo yaweza kuiharibia ile ya kwanza. Muda upo. Kwa Facebook na Instagram anayesimamishwa ana siku 180 za kukata rufaa. Zikipita, mlango hufungwa moja kwa moja. Ulifungiwa mwezi 27 Ramadhani, kwa hiyo siku 180 zakufikisha mwishoni mwa Mfunguo Sita. Maulidi yakianza kusomwa na hujatuma, hapo uwe na haraka. Mtandao wako ukiwa mwingine, soma tarehe iliyoandikwa kwenye ile barua yao ya kwanza.

Kuhusu ninja, mimi si shekhe na sitajifanya. Nitasema ninayoyajua. Uso wako umo kwenye kitambulisho, nawe umeshakituma mara 11, kwa hiyo mashine imeshauona. Video yataka kulinganisha tu uso wa pale na wa mtu aliye hai. Mitandao iliyoanza utaratibu huu husema video haionyeshwi kwa watumiaji wengine na hufutwa ndani ya siku 30. Husema hivyo, na ufunguo wa stoo yao hatuna, mimi wala mumeo. Hofu yake si ya kijinga hata kidogo. Lakini nisikufiche: mara nyingi fomu ikifika kwenye video haina njia nyingine, na ukikataa huenda akaunti isirudi tena. Mlizungumze mchana, mkiwa mmekula. Mkitaka fatwa mwendeeni mwenye elimu mnayemwamini, na mumweleze jambo lenyewe lilivyo, sekunde chache za utambulisho, kama picha ya pasipoti. Ukiamua kuipiga, iwe chumbani, mlango umefungwa, hijabu kichwani. Nywele hawazihitaji.

Umesema hakuna mlango wa kugonga. Upo mmoja, ila wachelewa kufunguka. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi unaomdhuru pakubwa, na sheria hiyo yafika hata kwa kampuni isiyo na ofisi Kenya iwapo yashughulika na data za watu walio hapa. Ina mianya yake, mmoja ukiwa ni ule mkataba tulioubonyeza "nakubali" bila kusoma. Hata hivyo, ukijibiwa barua ile ile baada ya rufaa iliyokamilika, mpelekee malalamiko Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria yampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Weka picha za skrini za kila ulichotuma na kila ulichojibiwa, zenye tarehe.

Wewe ni mtu wa Mombasa, nyumba bila ardhi huhitaji kufafanuliwa. Mtu ajenga, apaka chokaa, atia milango ya mvule, na kila mwezi apeleka kodi ya kiwanja kwa mwenyewe, mpaka siku mwenyewe akitake. Akaunti yako ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanja wa Majengo kwao twakujua, na mama yake twamjua. Vyombo ni vyako lakini. Ndiyo maana, Tima, nilipofika pale ulipolitaja lile kopo la biskuti nililiweka gazeti chini.

Lete kopo. Kila risiti ya parseli ina jina la mpokeaji, namba yake ya simu na mji wake. Miaka mingapi imo mle? Nunua kaunta buku, umwite Abdul, kwa kuwa deni hilo ni lake, mkae barazani mziandike moja moja: nani, wapi, kachukua leso gani. Kisha mfungue meseji za M-Pesa za Ramadhani, wote waliokulipa wamo na hawakungoja akaunti ifunguke ili wawemo. Anza na hao wa doti 38 waliokwisha kulipa. Wapigie, usiwaandikie, kwa sababu siku hizi meseji kutoka kwa mtu aliyefungiwa hufanana na ya tapeli, na sauti yako wengi wao washaisikia wakipatana bei. Waambie kweli: akaunti imefungwa, leso yako iko, nikutumie au nikurudishie pesa? Watakaotaka pesa warudishie hata kama itabidi umkope shangazi tena.

Picha mpya za mzigo usizitoe bila alama yako pembeni. Jina na namba ya simu, kidogo, juu ya pindo, pasipoziba jina la leso. Yule fundi wa Telegram anazo picha zako na kitambulisho chako, na sitashangaa nikiona duka la "Bi Tima" lisilo lako.

Nami uniandike kwenye hiyo kaunta buku. Mjukuu wangu aolewa baada ya Maulidi, nataka doti nne za majina ya heri, si yale ya kusemana na majirani. Nipigie bei kwanza, ndipo umwite kijana wa bodaboda.

Somo